Slipu ya Aprili: viza ya mwenza iliyokataliwa kwa kuwahi wiki tano

Mke ni raia wa Uingereza mwenye asili ya Tanga, anaishi Leicester na binti yake wa miaka 8, na kazi yake ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya malezi. Mume ni raia wa Tanzania, mwalimu wa sekondari, anaishi Tanga. Walioana Agosti 2024. Machi 2025 wakaomba viza ya mwenza ili mume amfuate mkewe Leicester. Juni wakakataliwa. Julai wakaomba upya, na safari hii wakakubaliwa.

Kati ya ombi la kwanza na la pili mshahara wa mke haukuongezeka hata senti. Nyumba ilikuwa ile ile, ndoa ile ile, picha za harusi zile zile. Vilivyobadilika hasa ni viwili: tarehe ya kuomba na karatasi moja ya Kiingereza. Wahusika wa kisa hiki ni wa mfano, wameundwa ili kuonyesha makosa yanayojirudia. Kanuni, ada na tarehe za serikali ni zile zilizokuwa zikitumika mwaka 2025.

Tuanze na fedha, maana hapo ndipo ombi la kwanza lilipozama.

Tangu 11 Aprili 2024, anayemleta mwenza wake Uingereza kwa mara ya kwanza anatakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Awali kilikuwa pauni 18,600. Serikali iliyotangulia ilipanga kukipandisha hadi 38,700, mpango ukasimamishwa, lakini uvumi wake haukusimama. Mwaka mzima wa 2025 watu waliendelea kuambiana "wahini kabla haijapanda". Mke wa kisa hiki alikuwa na mkataba wa pauni 29,640 kwa mwaka, yaani 2,470 kwa mwezi. Kwa macho ya kawaida amevuka, tena amebakiwa na pauni 640. Ndivyo alivyoamini, na ndivyo alivyoambiwa na kila aliyemuuliza.

Tatizo ni kwamba Home Office, wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza inayoamua maombi haya, haiulizi tu unalipwa kiasi gani. Inauliza umelipwa kiasi hicho kwa muda gani, na na nani. Kwa mwajiriwa kuna njia mbili. Ya kwanza huitwa Kundi A: kama uko kwa mwajiri huyo huyo kwa miezi 6 au zaidi, unaonyesha slipu za mshahara za miezi 6 hiyo, na kipato chako kinahesabiwa kwa kiwango cha chini kabisa ulicholipwa ndani yake. Ya pili ni Kundi B, kwa mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri wake wa sasa. Hapo kuna mitihani miwili na yote lazima uifaulu. Kwanza, mshahara wa sasa ufike 29,000 kwa mwaka. Pili, fedha ulizolipwa kweli katika miezi 12 iliyopita, kwa waajiri wote, zifike 29,000 pia.

Mke alianza kazi mpya tarehe 14 Oktoba 2024. Ada ya viza alilipa 27 Machi 2025. Siku ya kulipa ada ndiyo inayohesabiwa kuwa tarehe ya maombi, si siku ulipoanza kujaza fomu, wala siku mwombaji anapokwenda kituoni kuchukuliwa alama za vidole. Siku hiyo mke alikuwa na miezi mitano na wiki mbili kazini. Akawa Kundi B bila kujua kwamba kuna makundi.

Mtihani wa kwanza alifaulu. Wa pili ulikuwa hivi. Kazi yake ya zamani ilikuwa ya saa, kupitia wakala, na slipu zake kuanzia mwisho wa Machi 2024 zilisomeka: Machi 2,270, Aprili 2,310, Mei 2,280, Juni 2,340, Julai 1,120, Agosti 560, Septemba 2,295, na siku chache za Oktoba 410. Kazi mpya ilimlipa 1,434 kwa nusu iliyobaki ya Oktoba, kisha 2,470 mara nne hadi Februari. Mshahara wa Machi 2025 ulikuwa haujaingia. Jumla ni pauni 24,899. Pengo ni 4,101.

Angalia Julai na Agosti. Wiki kadhaa za likizo isiyo na malipo: ndiyo safari ya Tanga, ndiyo harusi. Safari hiyo ndiyo ushahidi wao mkubwa kwamba ndoa ni ya kweli, na ndiyo hiyo hiyo iliyotoboa kipato. Wanaoishi ughaibuni wengi wanaoa au kuolewa hivyo, kwa likizo ndefu isiyolipwa, kisha wanarudi na kubadilisha kazi kutafuta mshahara mkubwa zaidi ili wafikie kiwango. Hatua zote mbili zina maana kabisa. Zikikutana ndani ya miezi 12 kabla ya maombi ya Kundi B, zinaliua.

Angesubiri ingekuwaje? Miezi 6 ya ajira ilitimia 14 Aprili, lakini hata hapo asingekuwa salama. Slipu ya Oktoba ilikuwa ya nusu mwezi, na katika Kundi A kiwango cha chini ndicho kinachotazamwa. Ukiiweka slipu ya 1,434 kwenye faili, unampa afisa sababu ya kuizidisha mara 12. Slipu sita za mwezi kamili ni za Novemba hadi Aprili, na ya Aprili ilitoka mwisho wa mwezi huo. Kwa hiyo tarehe ya kwanza iliyo salama ilikuwa 1 Mei 2025: wiki tano baada ya siku aliyolipa. Kuanzia siku hiyo, Julai na Agosti 2024 zisingekuwa na habari na mtu yeyote, kwa sababu Kundi A halitazami nyuma ya miezi 6.

Na kwa nini aliharakisha? Ada. Tarehe 9 Aprili 2025 ada ya viza ya mwenza kwa anayeomba akiwa nje ya Uingereza ilipanda kutoka pauni 1,846 hadi 1,938. Aliwahi ili aokoe pauni 92. Akapoteza 1,846 zote, kwani ada ya maombi hairudi ukikataliwa, na Julai akalipa 1,938 vilevile. Kinachorudi ni tozo ya afya: pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa viza ya miezi 33 hutozwa miaka 3, jumla 3,105. Hiyo ilirudishwa kwenye kadi aliyolipia. Lakini wakati wa kuomba zote mbili hulipwa kwa mpigo, 4,951 mwezi Machi na 5,043 mwezi Julai, na mtu aliyekopa kulipa hiyo ya kwanza hana raha ya kungoja marejesho.

Neno kwa wanaolipwa kwa saa, maana ndio wengi katika kazi za malezi, ghala na usafi. Hesabu yenu si ile ya kiwango cha chini. Mkiwa kwa mwajiri mmoja kwa miezi 6, hujumlishwa malipo ya miezi 6 kabla ya kodi, hugawanywa kwa 6, kisha huzidishwa kwa 12. Jumla ya miezi 6 inayotakiwa ni pauni 14,500. Mwezi mbaya unaweza kufidiwa na mwezi mzuri. Mwenye mshahara wa mkataba hana nafuu hiyo. Wiki moja ya likizo isiyolipwa ingeshusha slipu ya mke huyu kutoka 2,470 hadi 1,900, na 1,900 mara 12 ni 22,800. Muda wa ziada na bonasi huongezwa kwa wastani wa miezi 6, mradi vimelipwa kweli na vinaonekana kwenye slipu.

Ndugu wa mume walipendekeza njia nyingine, na ni vizuri kuzitaja kwa sababu husikika kila siku. Mshahara wa ualimu wa mume Tanzania? Hauhesabiwi, kipato cha mwombaji huingia pale tu anapokuwa tayari yuko Uingereza na ana ruhusa ya kufanya kazi. Barua ya kaka wa mke kwamba atawasaidia? Kwa kawaida msaada wa mtu wa tatu haukubaliwi. Ahadi ya kazi ambayo mume angepewa akifika? Haihesabiwi. Akiba ndiyo inayohesabiwa, iwe ya mke, ya mume au ya pamoja, ila pauni 16,000 za kwanza hutupwa nje, na kinachobaki hugawanywa kwa 2.5. Kwa asiye na kipato chochote, akiba inayohitajika ni pauni 88,500, nayo iwe imekaa mikononi mwao kwa miezi 6 mfululizo. Anayetaka kuazima fedha za shangazi zilale kwenye akaunti yake mwezi mmoja atakuwa ameongeza swali jipya juu ya la zamani: zimetoka wapi?

Kwa mdhamini, yaani anayemleta mwenza wake, anayepokea ruzuku fulani za ulemavu au ya kumlea mlemavu, kiwango cha 29,000 hakitumiki kabisa; huangaliwa kama familia inaweza kujikimu. Mke wa kisa hiki hakuwa na ruzuku hizo. Mtoto wake hakuongeza wala kupunguza kitu, kwani nyongeza ya kipato kwa ajili ya watoto iliondolewa katika mabadiliko ya Aprili 2024.

Karatasi ya Kiingereza

Barua ya kukataliwa ilitaja sababu ya pili, na hii ndiyo inayoudhi zaidi, maana ingeepukika kabisa. Mwombaji wa viza ya mwenza lazima aonyeshe Kiingereza cha kiwango cha A1, kusema na kusikiliza tu, ngazi ya mwanzo kabisa. Mume alifanya mtihani wa IELTS wa kawaida, ule wa kitaaluma, na akapata alama za juu kuliko inavyohitajika mara kadhaa. Haukukubaliwa. Mtihani unaokubaliwa na uhamiaji ni ule unaofanywa chini ya usimamizi maalumu, unaoitwa IELTS for UKVI au IELTS Life Skills, au wa kampuni nyingine iliyo kwenye orodha ya serikali, tena katika kituo kilicho kwenye orodha hiyo hiyo. Maswali yanaweza kufanana neno kwa neno. Jina lililo juu ya cheti ndilo linaloamua.

Na mume hakuhitaji mtihani wowote. Ana shahada ya ualimu ya chuo kikuu cha Tanzania, iliyofundishwa kwa Kiingereza. Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanasamehewa kwa uraia tu, na Kenya pia haimo, lakini shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza inatosha ikithibitishwa na Ecctis, taasisi ya Uingereza inayolinganisha vyeti vya nje, kwamba ni sawa na shahada ya Uingereza na kwamba lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza. Diploma haitoshi; lazima iwe shahada. Mwenye shahada iliyosomeshwa kwa Kiswahili afanye mtihani. Uthibitisho huo una faida nyingine: cheti cha mtihani huisha baada ya miaka 2, shahada haiishi.

Walichopatia

Sehemu ya ndoa ilikuwa imara kuliko faili nyingi, na inafaa kutazamwa kwa undani kidogo, kwa sababu mume aliwahi kuoa kabla na mke aliwahi kuolewa.

Talaka ya mke ilitolewa na mahakama ya Uingereza. Hilo lilimwokoa. Mwanamke aliyefunga ndoa ya serikali Uingereza kisha akaachwa kwa talaka ya sheikh au baraza la kidini huko huko bado ni mke wa mtu mbele ya sheria ya Uingereza, na ndoa yake mpya ya Tanga au Mombasa ni batili kwao hata ikiwa na mashahidi mia. Talaka ya mume nayo ilipita mahakamani. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri lianzie Baraza la Usuluhishi, na likishindikana mahakama, hata ya mwanzo, ndiyo itoe amri ya talaka. Karatasi ya talaka iliyoandikwa na sheikh peke yake ina uzito wake katika dini, lakini haijafunga hesabu ya kisheria. Kama mume angekuja na karatasi hiyo tu, afisa angeweza kusema bado ana mke wa kwanza. Hapo tatizo lingekuwa kubwa kuliko ushahidi pungufu: mtu mwenye makazi yake ya kudumu kisheria Uingereza hawezi kufunga ndoa ya mitala nje ya nchi ikatambulika huko. Ndoa yenyewe ingekuwa batili, na hakuna slipu ya mshahara inayoponya hilo.

Harusi ilifungwa na mfungishaji ndoa mwenye leseni, na cheti kikasajiliwa RITA, wakala wa serikali ya Tanzania wa usajili. Si kila sheikh au mchungaji ana leseni hiyo. Cheti cha msikitini au kanisani kisichosajiliwa hukwamisha watu wengi, nao hugundua wakiwa wamesharudi Ulaya na sheikh amehama mtaa.

Majina yaliwasumbua kidogo. Mume ana majina matatu kwenye pasi ya kusafiria na mawili kwenye shahada, na herufi moja ya jina la baba imeandikwa tofauti katika cheti cha kuzaliwa. Waliandaa hati ya kiapo mbele ya wakili mapema, wakaiambatisha pamoja na maelezo ya mistari mitatu. Afisa hajui kwamba Saidi na Said ni mtu mmoja. Anayemwachia fumbo asishangae akilifumbua vibaya.

Ushahidi wa uhusiano ulikuwa mwingi mno, tatizo la kawaida la wanaopendana. Kurasa 300 za mazungumzo ya WhatsApp, kwa Kiswahili. Kila hati isiyo ya Kiingereza inahitaji tafsiri yenye uthibitisho wa mfasiri kwamba ni sahihi, pamoja na tarehe, jina, saini na mawasiliano yake; na mfasiri hutoza kwa ukurasa. Kumlipa mtu atafsiri "umekula?" na "mtoto kaenda shule?" mara mia mbili ni kutupa fedha. Katika ombi la pili walichagua kurasa 12, ukurasa mmoja au miwili kwa kila miezi mitatu, zile zenye mipango: tiketi, ugonjwa wa mama, kodi ya nyumba. Wakaongeza orodha ya simu, risiti za fedha alizotuma mke, pasi za kupandia ndege, na picha 14 zenye tarehe na majina ya waliomo. Picha za harusi peke yake hazishawishi sana. Picha ya mke jikoni kwa mama mkwe, au ya mume na mtoto wa mke, inasema zaidi.

Nyumba haikuwa na mzozo: fleti ya kupanga yenye vyumba viwili vya kulala na sebule, mkataba wa mwenye nyumba, na barua yake kwamba mume anaruhusiwa kuishi pale. Sheria ya Makazi ya Uingereza ya mwaka 1985 huhesabu sebule kama chumba, na vyumba vitatu vinatosha watu watano. Mtoto wa chini ya miaka 10 huhesabiwa nusu. Anayepanga chumba katika nyumba ya kushirikiana bado anaweza kuomba, mradi wanandoa wawe na chumba chao peke yao.

Jambo moja lilikuwa karibu kuharibika. Mume alinyimwa viza ya matembezi mwaka 2022, na mtu aliyekuwa akiwajazia fomu, mmoja wa vishoka wanaozungukazunguka karibu na vituo vya viza, aliwashauri wasitaje. Fomu inauliza wazi kama umewahi kunyimwa viza ya nchi yoyote. Kunyimwa viza ya matembezi si kizuizi cha viza ya mwenza. Kuficha ni udanganyifu, na udanganyifu hukataliwa hata ukiwa na mamilioni. Walitaja, wakaambatisha barua ya zamani. Uingereza kwenyewe, kutoa ushauri wa uhamiaji bila kuwa wakili au kusajiliwa na Immigration Advice Authority, ile iliyokuwa ikiitwa OISC, ni kosa la jinai. Anayekuombea kwa malipo na hataki jina lake lionekane popote, hilo tu lakutosha.

Baada ya barua ya Juni

Uamuzi ulitoka 20 Juni 2025, wiki 12 na siku moja baada ya kulipa. Barua ilitoa haki ya kukata rufaa kwa misingi ya haki za binadamu, ndani ya siku 28 tangu kuipokea kwa aliye nje ya nchi, kwa ada ya pauni 80 bila kusikilizwa au 140 ikisikilizwa. Ndugu wote walitaka rufaa. Waliona wameonewa.

Hawakuonewa. Na hilo ndilo swali la kujiuliza kabla ya kitu kingine: je, afisa alisoma vibaya hati ulizompa, au hati ulizompa hazikutimiza kanuni? Kama slipu zilikuwepo na afisa akaruka moja, rufaa ina maana, nafuu kuliko ada mpya. Hapa afisa alijumlisha sawasawa. Rufaa ingechukua miezi mingi kungoja tarehe, na mke angekwenda kumweleza jaji kuhusu maisha ya familia, huku jibu rahisi, slipu sita kamili, likiwa tayari mkononi mwake tangu Mei. Waliomba upya tarehe 7 Julai.

Faili la pili upande wa kipato lilikuwa jembamba: slipu sita, Januari hadi Juni, kila moja 2,470 kabla ya makato, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo, na barua ya mwajiri. Kiasi cha mkononi kwenye kila slipu kilipigiwa mstari, na kiasi hicho hicho kikapigiwa mstari kwenye taarifa ya benki. Mwezi Machi havikulingana, kwa sababu pauni 35 za sare za kazi zilikatwa baada ya slipu kutoka. Mwajiri alieleza hilo kwa sentensi moja ndani ya barua yake. Bila sentensi hiyo, afisa angeona slipu inasema kitu na benki inasema kingine.

Barua ya mwajiri ndiyo inayoharibika mara nyingi, kwa sababu ofisi za utumishi hupenda kuandika mistari miwili ya heshima. Kanuni inataka mambo manne: kwamba ameajiriwa na mshahara wake kwa mwaka kabla ya kodi, ameajiriwa kwa muda gani, amelipwa kiwango hicho tangu lini, na ni ajira ya aina gani, ya kudumu, ya muda maalumu au ya wakala. Ile ya Machi ilisahau la tatu. Mke aliwaandikia rasimu, wao wakaweka nembo na saini. Hakuna ubaya katika hilo, mradi yaliyomo ni kweli.

Kila karatasi ina umri wake. Barua ya mwajiri na taarifa ya mwisho ya benki zisizidi siku 28 siku unapolipa ada. Cheti cha kupima kifua kikuu, ambacho Mtanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6 lazima akipate kwenye kliniki iliyoidhinishwa, hudumu miezi 6 tu. Cha mume kilikuwa cha Januari, kikakaribia kuisha Julai, akapima tena ili asicheze na siku. Picha ya kifua ikitoka na doa lisiloeleweka, huchukuliwa makohozi na majibu yanaweza kuchukua hadi wiki 8. Kwa hiyo kipimo kifanyike mapema, lakini si mapema mno. Wengi hupanga kila kitu kuanzia siku ya kipimo. Sisi tungeanzia slipu ya sita, kisha tuhesabu kurudi nyuma.

Viza ilitoka mwanzoni mwa Oktoba, ya miezi 33. Kadi za plastiki za ukaazi zilikoma kutolewa mwishoni mwa 2024, sasa hadhi iko kwenye akaunti ya mtandaoni, na pasi ya kusafiria iliyosajiliwa humo lazima iwe ile unayosafiria. Miezi 33 si zawadi: ni 30 ya kuishi na takriban 3 ya kujipanga kuingia. Baada yake huja nyongeza ya miezi 30, na ukaazi wa kudumu huombwa baada ya miaka 5 ya kuishi huko. Anayechelewa Tanga miezi minne akiuza kiwanja anaweza kukuta hesabu ya miaka 5 imepungukiwa wiki chache, akalipa nyongeza ya pili kwa ajili ya wiki hizo. Mume aliingia Novemba.

Ombi la nyongeza litakuwa mwaka 2028, kabla viza haijaisha, na kiwango cha kipato kitaangaliwa tena kwa slipu sita za wakati huo. Tofauti ni kwamba wakati huo mshahara wa mume wa Uingereza utahesabiwa pamoja na wa mke, na shahada yake itasimama badala ya mtihani wa A2, ngazi inayofuata A1. Akipata kazi, slipu ya kwanza ya mwezi kamili aiweke.